Daftari Lako Linalala Wapi?

Wapendwa, niliahidi kuwawekea hapa yale niliyoongea Jumamosi pale ukumbini Dar, kwa ajili ya mliokuwa safarini au dukani mkashindwa kufika. Nimeandika kama nilivyoongea, zile picha za kwenye skrini nimeziacha. Ni ndefu kidogo, tafuta chai kabisa.

Shikamooni wakubwa zangu. Kaka na dada zangu habari za asubuhi. Wenye maduka nawaona, wenye famasi nawaona, watu wa mabasi mmekaa pale pamoja, viongozi wa SACCOS kule nyuma, karibuni sana.

Naanza na swali, na usinijibu mimi, jijibu mwenyewe moyoni. Daftari lako linalala wapi?

Yani saa hii ukiwa umekaa hapa, orodha ya wanaokudai na unaowadai, stoo kuna nini, mteja gani kalipa mpaka lini, vyote hivyo viko wapi? Kwenye kaunta buku ndani ya droo? Kwenye laptopu ya mhasibu ambayo jioni anaondoka nayo kwenye daladala? Kwenye simu ya kijana wa kaunta? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi wetu tumelielewa hilo neno kwamba tuandike. Sawa, kuandika tunaandika. Sasa daftari lenyewe likipotea je?

Miaka kadhaa nyuma niliitwa na mzee mmoja ana duka la jumla la dawa. Kompyuta yake ipo chini ya meza ya kashia, pembeni ya ndoo ya kudekia, na hiyo ndo seva ya biashara nzima. Umeme ulikatika jioni ukarudi kwa nguvu, diski ikaenda. Nikamuuliza mzee wangu, bakapu unayo? Akasema ninayo, tena ya kila siku. Nikashukuru Mungu. Akainama, akachomoa flashi nyuma ya kompyuta ileile. Ile flashi haijawahi kutoka pale tangu inunuliwe, imepigwa na umeme uleule. Mnajua alivyopata madeni yake? Aliwapigia simu wadeni wake mmoja mmoja, akiwaomba wao ndo wamwambie wanadaiwa shilingi ngapi. Wapo waliosema ukweli, Mungu awabariki. Wapo waliotaja nusu. Na wapo ambao mpaka leo simu haipokelewi.

Mzee yule alikuwa anaandika kila kitu, jamani. Kila kidonge. Tatizo daftari lilikuwa linalala sehemu moja tu.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Humu ndani kuna watu walikuwa pale asubuhi yake, sina haja ya kuwasimulia. Bidhaa zikiungua kila mtu anaona moshi. Daftari likiungua, mwenyewe anakuja kugundua wiki ya tatu, msambazaji anapomwambia nakudai milioni tano na yeye hana karatasi ya kubisha.

Kwa hiyo leo nikisema wingu, msifikirie kitu cha ajabu. Wingu ni kompyuta za watu wengine, zimepangwa kwenye majengo makubwa yenye umeme wa njia zaidi ya moja, majenereta, mitambo ya kupoza hewa na walinzi, na wewe unakodi kipande chako kwa saa au kwa mwezi unakitumia kupitia intaneti. Basi. Wewe ni mpangaji. Na humu ndani hakuna asiyejua mambo ya kupanga, mkataba, kodi, funguo, na siku mwenye nyumba anapobadilika.

Kuna watu wakisikia hivyo wanasema haya ni mambo ya Wazungu yako mbali. Mi nawaambia hapana. Amazon walipoanza kukodisha mashine kwa saa mwezi Agosti 2006, ile huduma yao ya EC2, sehemu kubwa ya kazi ya kuitengeneza ilifanyika Cape Town, na kikosi kilichoongozwa na Chris Pinkham, mtu wa Afrika Kusini. Wazo lilipikwa huku kwetu! Alafu jengo lenyewe la Amazon likaja kufunguliwa Cape Town mwaka 2020, miaka 14 baadaye. Microsoft walishatangulia kufungua Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Google wakafuata Johannesburg 2024. Na kwa majirani zetu Kenya, mnaikumbuka M-Pesa? Ile mitambo yake ilikuwa inakaa Ujerumani mpaka mwaka 2015 ndo ikahamishiwa Kenya. Mama anauza nyanya Kisumu, anatumiwa mia mbili na dada yake aliyeko Kibera, hesabu inakwenda kukatwa Ujerumani inarudi. Miaka na miaka. Kwa hiyo kutumia kompyuta iliyo mbali tumeshazoea zamani, ila hatukujua jina lake.

Na kukodi kuna aina zake. Unaweza kukodi kiwanja kitupu, yani mashine tu, kila kitu juu yake ujenge mwenyewe. Unaweza kukodi fremu, kuta zipo, umeme upo, we unaleta bidhaa zako, hapo wanakupa mahali pa kuweka programu yako na hifadhidata inayotunzwa na wao. Au unakodi duka limeshajaa kabisa, unaingia unauza, ndo hizi programu za uhasibu, barua pepe na mauzo za kulipia kwa mwezi. Sasa ngoja niwe mkweli kabisa maana nimeona watu wakiumia: wengi wenu humu mnahitaji duka lililojaa. Ukiona kijana anakwambia biashara yako ya maduka mawili inahitaji kiwanja kitupu na mashine sita, muulize mara mbili. Nami nimewahi kuwa yule kijana, nawaambia kwa moyo safi kabisa.

Haya. Sasa nataka tuongee kitu ambacho naomba mkisahau vyote mkibaki nacho hiki. Ukienda kwa mtu wa mifumo usianze kumuuliza wingu gani zuri, usianze na bei. Anza na siku mbaya. Mwambie nichoree siku mbaya. Siku umeme hamna, siku net haipo, siku kijana wako wa IT kaacha kazi, siku bili imekuja kubwa mara nne ya kawaida, siku hata hao wakubwa wenyewe wamekosea. Mfumo unaochorwa kuanzia siku nzuri unapendeza sana kwenye skrini. Ila biashara inakufa siku mbaya.

Nianze na funguo. Nani ana funguo?

Kuna kampuni moja ya mabasi na vifurushi, siitaji. Kijana wao wa IT alikuwa mzuri sana, mchapakazi, ndo aliyewahamishia kila kitu kwenye wingu, vifurushi vinafuatiliwa, tiketi zinakatwa, wote wanafurahi. Akapata kazi Doha, akaaga vizuri, wakamfanyia na sherehe. Miezi minane baadaye asubuhi moja kila kitu kimezima. Mnajua nini kilitokea? Akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana, namba ya uthibitisho inaingia kwenye simkadi yake ya Bongo ambayo alishaiacha, na kadi ya benki ya kulipia ilikuwa ya kampuni lakini muda wake umeisha. Onyo limetumwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, yote yanaenda kwenye barua pepe ambayo mwenyewe haifungui tena. Kijana hakuwa na ubaya wowote, alivyopigiwa alisaidia mpaka usiku wa manane. Ila ilichukua karibu wiki tatu kuthibitisha kwamba kampuni ndo mwenye mali. Wiki tatu, vifurushi vya watu viko stoo, hakuna anayejua cha nani ni kipi.

Na hapo ilikuwa bahati mbaya tu, hakukuwa na mwizi. Mwizi akiwepo inakuwaje? Mwezi Juni 2014 kulikuwa na kampuni inaitwa Code Spaces, kazi yake ilikuwa kutunzia watu code za programu zao, yale maandishi ambayo programu inajengwa nayo, yani watu wamewaamini kuwatunzia. Mtu mmoja akapata funguo za akaunti yao ya Amazon. Akawaachia ujumbe anataka hela. Wao wakakimbilia kubadilisha paswedi, kumbe jamaa alishajichongea funguo nyingine pembeni, alivyoona wanahangaika akaanza kufuta. Akafuta mashine, akafuta data, na bakapu zilikuwa ndani ya akaunti ileile, akafuta na zenyewe. Ndani ya saa 12 hivi kampuni imekwisha. Haikufunguliwa tena.

Sasa niambieni, jengo la Amazon lilivunjwa? Halikuvunjwa. Mlinzi wa jengo alilala? Hakulala. Mwenye nyumba analinda geti na ukuta, mlango wa chumba chako unafunga mwenyewe. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani iliibiwa taarifa za watu zaidi ya milioni 100 zikiwa kwenye wingu, na tundu lilikuwa kwenye mpangilio wa benki wenyewe. Benki kubwa vile!

Kwa hiyo funguo zinakaaje? Akaunti kuu ifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni, kama inawezekana ambayo watu wawili wanaiona. Namba ya uthibitisho isiwe kwenye simkadi ya mtu mmoja, simkadi zinapotea, zinafungwa, zinasajiliwa upya kwa jina la mwingine. Ile akaunti kuu isitumike kwa kazi za kila siku kabisa, paswedi yake iandikwe kwenye karatasi, iingie kwenye bahasha, bahasha iingie sefu pamoja na hati za nyumba. Ndio, karatasi. Kila mfanyakazi apewe funguo yake yenye kazi yake, kashia hana haja ya kuweza kufuta hifadhidata. Na siku mtu anaaga, kabla ya keki, funguo zake zinafungwa.

Net je?

Hapa nitakaa kidogo maana naona nyuso zenu, na hili ndo swali ambalo kila mzee ananiuliza: kijana, net ikikatika? Na wengi wa fani yangu wanajibu siku hizi net haikatiki. Jamani. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 mlikuwa wapi? Siku ile mikongo miwili ya baharini, yani nyaya za intaneti zinazopita chini ya maji, EASSy na Seacom, ilikatika kule kusini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania tulikuwa kati ya walioumia zaidi. Na upande wa kaskazini ulikuwa umeshadhoofika tangu Februari mwaka huohuo, mikongo mingine ilikatika Bahari ya Shamu. Kwa hiyo kusini kumekatika na kaskazini kubaya, ilichukua siku kadhaa hali ikatulia.

Jumatatu yake asubuhi nilipigiwa simu na dada mmoja mwenye minisupa tatu. Akaniambia kaka, kashia akipiga bidhaa mashine inazunguka tu, foleni imefika mlangoni, watu wanaacha vikapu chini wanaondoka, maziwa yanaharibika kwenye vikapu. Na mfumo ule niliuchora mimi. Niliuchora kwamba kila bidhaa ikipigwa kaunta, mashine inaenda kuuliza bei kwenye seva iliyoko Ireland, inarudi, ndo inaonyesha. Siku nzuri unakuwa mwepesi tu, huoni hata. Siku ile niliona. Dada alikuwa na laini mbili za kampuni mbili tofauti, nilimshauri mimi pia, nikimwambia moja ikikatika nyingine ipo. Zote mbili zilikuwa zinapita baharini kulekule. Mpaka leo nikifika dukani kwake naangalia chini.

Na mtu asije akasema ungemuweka Cape Town ingekuwa karibu zaidi. Karibu ndio, ila mikongo ilikatika kwenye njia ya kwenda hukohuko kusini. Ukaribu unasaidia kasi. Ukikatikiwa, kinachosaidia ni duka kuweza kusimama lenyewe.

Kwa hiyo tulichora upya. Kila duka lina kompyuta ndogo ambayo inabeba bei zote na inapokea mauzo yote, kaunta inaongea na hiyo iliyo palepale, na hiyo ndogo ikipata net inapeleka kwenye wingu, ikikosa inasubiri. Saa moja, siku nne, inasubiri tu. Rahisi kusema hivyo, lakini kuna mambo mawili yalitutoa jasho na nataka muyajue ili mkiletewa mfumo muulize. La kwanza ni namba za risiti. Maduka matatu yakikosa net yote yatatoa risiti namba 501, zikikutana kwenye wingu zinagongana, kwa hiyo kila kaunta lazima iwe na namba zake zenye alama yake mwanzoni. La pili ni stoo, na hili ndo linaua mifumo mingi. Kaunta ya kwanza ikisema sukari imebaki mifuko 12, kaunta ya pili ikasema imebaki 15, ya mwisho kufika inafuta ya kwanza, na wewe unapoteza mifuko bila mwizi. Usikubali mfumo unaotuma salio. Utume tukio: nimeuza tatu, nimepokea kumi, moja imepasuka. Salio lipigwe hesabu kule juu kutokana na matukio. Na hii bibi zetu walishaijua, kwenye kaunta buku hamna anayefuta salio la jana aandike jipya juu yake, unaandika mstari mpya chini. Daftari zuri halifutwi.

Hela sasa. Nitapita haraka maana saa zinakimbia.

Bili ya wingu inakuja kwa dola na wewe unauza kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300, katikati ya 2024 ikawa imeshapita 2,600. Hujaongeza hata mteja mmoja, bili imepanda. Alafu unalipia muda mashine imewaka, sio kazi iliyofanya. Tuchukue mashine ya senti kumi ya dola kwa saa, ndogo tu. Ikiwaka mwezi mzima ni saa kama 730, dola 73, karibu shilingi 190,000. Ukiizima usiku na Jumapili, ikafanya saa kumi siku 26, ni dola 26, chini ya shilingi 68,000. Mashine ileile! Nimeona kampuni imeacha mashine ya majaribio inawaka mwaka mzima, kazi ya majaribio iliisha wiki ya pili. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa ya kufungua akaunti, kabla hujaweka hata faili moja, weka kengele ya bili, ikifika kiasi fulani ikutumie ujumbe wewe mwenye hela, sio fundi peke yake.

Na kutoa data kuna nauli yake. Kwa Amazon kule Virginia kutunza gigabaiti moja ni kama senti 2.3 za dola kwa mwezi, kuingiza ni bure, ila kuitoa nje kupitia intaneti ni senti 9, baada ya gigabaiti 100 za bure kila mwezi. Ukiwa na gigabaiti 500 kuzitunza ni dola 11 na nusu, kuzishusha zote siku moja ni dola 36. Ni sawa na nyumba ambayo unaingiza vyombo bure ila ukitoa kochi unalipia getini. Tangu 2024 wakubwa wale wameanza kusamehe hiyo nauli kwa anayehama kabisa, lakini lazima uombe, haiji yenyewe.

Je kila mtu ahamie? Hapana. Kaka wa mabasi, wewe Desemba watu wote wanataka kwenda Moshi kwa wakati mmoja, Februari basi linaondoka na watu 20. Wingu linakufaa sana maana Desemba unakodi mashine kumi, Januari unarudisha tisa. Lakini SACCOS yenye wanachama 400, kazi ileile Januari mpaka Desemba, hesabu inaweza ikaja tofauti, programu ya mwezi inatosha, au hata seva yenu wenyewe na wingu mkatumia kwa nakala tu. Kampuni ya 37signals ya Marekani mwaka 2022 ilitumia dola milioni 3.2 kwenye wingu, wakapiga hesabu wakaona kazi yao haipandi wala kushuka sana, wakanunua seva zao wakaanza kutoka. Hawakuwa wajinga walipoingia na hawakuwa wajinga walipotoka. Walihesabu. Mkubali kuhesabu, msikubali kuhamishwa na maneno ya kwamba ndo kisasa.

Ntamalizia na nakala, maana nilianza na yule mzee na flashi yake na sijamuacha.

Ukishaingia kwenye wingu unajisikia salama, si ndio? Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVH pale Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto. Jengo zima la SBG2 likateketea. Wapo waliopoteza kila kitu kwa sababu walidhani kuwa kwenye wingu ndo bakapu yenyewe. Na wapo waliokuwa wamelipia bakapu kabisa, bakapu ikakutwa ilikuwa ndani ya jengo hilohilo. Ni ile flashi ya mzee wangu, jamani. Ulaya, kampuni kubwa, na bado ni ileile flashi nyuma ya kompyuta.

Mwezi Mei 2024 tena, kule Australia kuna mfuko wa pensheni unaitwa UniSuper, wanachama zaidi ya laki sita. Walikuwa kwa Google. Kosa likafanyika upande wa Google, sehemu moja ya mpangilio iliachwa bila kujazwa wakati wa kuandaa, na baada ya muda wingu lao binafsi walilokodi kule likafutika, maeneo yote mawili waliyokuwa wametawanya, kwa pamoja. Wazee wanataka kuangalia pensheni zao, hakuna kitu. Karibu wiki. Kilichowatoa ni kwamba walikuwa wameweka nakala pembeni, zikiwemo za kwa kampuni nyingine kabisa, ambazo kosa lile halikuweza kuzifikia.

Mnaona tofauti ya UniSuper na Code Spaces? Wote walifutiwa. Mmoja nakala zake zote zilifunguliwa na funguo moja, mwingine alikuwa na nakala ambayo funguo ile haiifungui. Kwa hiyo nakala tatu, sehemu za aina mbili, na angalau moja ikae mbali kwa jina na funguo tofauti. Mkipenda hata diski ya mkononi inayopelekwa nyumbani kila Ijumaa, mi siidharau hata kidogo, ila ifungwe kwa paswedi maana ikidondoka kwenye bajaji umegawa taarifa za wateja. Na hapo kuna sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kufanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, ipo Tume, unatakiwa ujisajili, na kupeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Wenye famasi na zahanati hili msilichukulie la wanasheria tu, magonjwa ya watu ni siri ya watu, na kabla hujachagua data ikae nchi gani muulize mwanasheria wako kwanza.

Kuna mama mmoja alinishika mkono pale kwenye chai akaniuliza, mwanangu yote hayo mazuri, Jumatatu nianze na lipi? Mama, nilikuahidi nitakujibu mbele ya wote.

Jumatatu usihamishe kitu. Chukua laptopu nyingine ambayo haijawahi kufanya kazi dukani, mwambie kijana wako arudishe bakapu humo, mbele yako. Alafu tafuta mauzo ya Jumamosi hii, mteja wa mwisho kabisa wa jioni. Ukimwona, una bakapu. Usipomwona, angalia wa mwisho unayemwona ni wa lini, hizo siku za katikati ndo utakazopoteza, na wewe ndo wa kuamua kama unaweza kuzipoteza. Wapo wanaoweza kupoteza siku nzima wasitetereke, famasi haiwezi hata saa mbili. Hiyo namba iandike, ndo ya kwanza utakayompa mtu wa kukuchorea mfumo, kabla hata ya bajeti.

Jumanne saa nne asubuhi, wateja wakiwa wachache, chomoa ruta ukutani. Usimwambie mtu. Kaa pembeni saa moja, angalia nani anaendelea kuuza, nani anatoa kalamu, nani anakaa tu anakuangalia. Uandike yote uliyoyaona.

Jumatano nipigie, namba yangu unayo.

Haya wapendwa, muda wangu umeisha na mwenyekiti ananiangalia. Karibuni maswali. Yule kaka wa mabasi umenyoosha mkono tangu nilipotaja Desemba, tuanze na wewe.